Muhogo, Nyigu na Maji ya Siku Tatu



Kila mwaka majira ya kupanda yanapokaribia, swali moja hurudi katika mikutano yetu: kwa nini nchi yenye mvua nyingi na ardhi kubwa kiasi hiki haivuni ya kutosha? Majibu hutolewa haraka. Mmoja atasema vita, mwingine atasema barabara, wa tatu atasema kwamba vijana wameukimbia udongo na kukimbilia migodi na miji. Hatuyakatai majibu hayo. Lakini nyuma ya swali hilo kuna jingine tusilolizoea: mavuno yanapoongezeka, huongezeka kwa gharama ya nani, nayo hudumu muda gani? Katika historia ya nchi yetu mavuno yameongezeka mara nyingi. Mara nyingi pia ongezeko hilo limekufa pamoja na wale waliolishurutisha, likiwaachia wakulima udongo uliochoka na miili iliyoumia.

Tumeamua kulifuata swali hilo kwa njia ya mmea mmoja, nao ni muhogo. Tumeuchagua kwa sababu wengi wetu tumelelewa nao: bugali wa unga wake, sombe ya majani yake, na kwa ndugu zetu wa Kinshasa na wa kando ya mto, chikwange. Ni chakula ambacho watu wa mijini hukidharau wakiwa wameshiba, na kukitafuta bei zikipanda. Tena ni zao la akina mama. Wao ndio wanaolipanda, wanaolipalilia, wanaoling'oa, wanaolibeba na wanaoliloweka, ijapokuwa vitabu vingi vya historia ya kilimo huwataja kwa nadra.

Muhogo si mzaliwa wa Afrika. Kwao ni Amerika ya Kusini, ambako wenyeji waliulima kwa maelfu ya miaka kabla Mzungu yeyote hajauona. Wareno waliuvusha bahari ya Atlantiki na kuufikisha pwani ya ufalme wa Kongo katika karne ya 16. Kutoka huko uliingia ndani ya bara polepole, ukifuata mito na njia za biashara. Sehemu za mashariki, zile tunazoishi wengi wetu, uliingia baadaye sana, na kwingine ukitokea upande wa Bahari ya Hindi. Haukuenezwa na amri wala na mradi. Ulienea kwa sababu kijiti kimoja, kilichofungwa pamoja na mizigo mingine, kilitosha kuanzisha shamba, na kwa sababu jirani aliyeomba vijiti hakunyimwa.

Mmea huo ulikuja na ukarimu na hatari kwa pamoja. Ukarimu wake tunaujua: huzaa hata kwenye udongo hafifu, huvumilia ukame, na mizizi yake yaweza kubaki ardhini hata mwaka mzima na zaidi ikimngoja mwenyewe. Familia ngapi za Kivu na Ituri zimekimbia risasi, zikarudi baada ya miezi, na kukuta kwamba nyumba imechomwa, mbuzi wamechukuliwa, lakini mihogo ingali chini ya ardhi? Hatari yake ni sumu. Aina chungu za muhogo zina kitu ambacho, mzizi ukikatwa au kusagwa, hutoa sianidi, sumu iwezayo kuua. Wakulima hawakuzikimbia aina hizo. Walizipenda, kwa maana nguruwe pori na wezi huziogopa. Lakini iliwabidi wajue namna ya kuitoa ile sumu.

Katika sehemu nyingi za Kongo maarifa hayo yalichukua umbo la maji. Mizizi iliyomenywa, au hata isiyomenywa, hutiwa mtoni au kwenye dimbwi, ikaachwa siku 3 au zaidi. Huchachuka, hulainika, nyama yake hufunguka, na sumu hutoka. Kisha huanikwa juani na kutwangwa. Mtu asiyejua akipita kando ya dimbwi hilo hunusa uvundo tu. Kumbe pale pana kazi ya elimu ya juu, iliyorithishwa kutoka kwa nyanya hadi mjukuu bila daftari. Tunaomba mzikumbuke siku hizo 3, maana tutazirudia.

Sasa tuingie katika zama za ukoloni, ambako neno "uzalishaji" lilipata sauti nyingine. Wakati wa Dola Huru la Leopold II, kati ya 1885 na 1908, zao lililotakiwa lilikuwa mpira wa msituni. Kiasi kilichosafirishwa kilipanda ajabu, na takwimu zake ziliwafurahisha wenye hisa wa Ulaya. Nyuma ya takwimu hizo palikuwa na mateka, vijiji vilivyochomwa na mitambaazi ya mpira iliyokatwakatwa hadi ikaisha. Mwenye heri Isidori Bakanja, mlei kijana ambaye wengi wenu mnavaa sura yake kwenye sare zenu, alikufa tarehe 15 Agosti 1909 kwa majeraha ya kiboko. Alipigwa kwa sababu ya skapulari yake, hilo ndilo tunalolisimulia siku zote. Tuongeze kwamba alipigwa katika kituo cha kampuni, mahali ambapo kiboko kilikuwa chombo cha kazi cha kila siku.

Wala tusijifanye kwamba Kanisa lilisimama mbali na mambo hayo. Wayezuiti wa Kisantu, kuanzia miaka ya 1890, waliunda vijiji vidogo vilivyoitwa mashamba-kanisa, ambako watoto walikusanywa kufundishwa katekisimu na kulima. Tume ya uchunguzi iliyotumwa Kongo mwaka 1904, na ambayo ripoti yake ilitolewa mwaka 1905, iliukosoa utaratibu huo wazi wazi: watoto wengi hawakuwa yatima, walitakwa kwa machifu wasiothubutu kukataa, na walizuiwa kuondoka. Wamisionari walijitetea kwa ukali. Kisantu hiyo hiyo ilikuwa pia na Bruda Justin Gillet, ambaye alianzisha bustani ya mimea inayotembelewa hadi leo, akijaribu humo miti ya matunda kutoka nchi nyingi na kuieneza. Mambo hayo mawili yalikaa bega kwa bega, na sisi tulio warithi wa misioni hizo hatuna ruhusa ya kusimulia la pili na kulificha la kwanza.

Baada ya Ubelgiji kuichukua koloni mwaka 1908, mpira wa damu ulikoma, lakini kulazimisha hakukukoma. Mwaka 1917 ilitolewa sheria ya kilimo cha lazima, iliyomfunga mkulima siku 60 kila mwaka kulima mazao yaliyoamriwa na serikali: pamba hasa, lakini pia mpunga, michikichi na hata muhogo wa kulishia wafanyakazi wa migodi. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, mwaka 1942, siku hizo ziliongezwa zikawa 120. Aliyekataa alitozwa faini au alifungwa. Pamba ilienea Uele, Maniema, Kasai na kaskazini mwa Katanga, hata ikafika wakati ambapo mamia ya maelfu ya kaya zililima pamba kwa bei iliyopangwa na wanunuzi. Mwanahistoria wa Kongo, Osumaka Likaka, ameandika kitabu kizima juu ya maisha ya wakulima hao. Humo unaona kwamba walipinga kwa njia nyingi za kimya, nyingine za kuchekesha: kuna waliochemsha mbegu kabla ya kuzipanda, ili waweze kumwambia agronomu kwamba udongo wa kwao haukubali pamba.

Mtu mwenye haraka atasema: lakini uzalishaji ulipanda! Ndiyo, ulipanda. Ila mashamba ya pamba yalichukua ardhi nzuri na nguvu za watu katika miezi ambayo chakula kilihitaji mikono. Hapo ndipo muhogo ulipozidi kuenea, kwa sababu ulikuwa zao pekee lililomsubiri mkulima aliyechelewa. Kwa hiyo muhogo wetu, ambao tunauona kama chakula cha babu tangu zamani, mahali pengi ni kumbukumbu ya kulazimishwa huko. Watu waliacha ulezi, mtama na viazi vikuu, si kwa kuvichukia, bali kwa kukosa siku.

Kuna jambo moja la zama hizo ambalo lataka kusemwa kwa haki. Mwaka 1933 Wabelgiji waliunda taasisi ya utafiti wa kilimo, INEAC, na makao yake makuu yakawa Yangambi, kando ya mto, magharibi ya Kisangani. Wataalamu wa hapo walikuwa hodari kweli. Baada ya kujaribu kulima udongo wa msitu kwa njia za Ulaya na kuuona ukifa, baadhi yao waligundua kwamba wenyeji hawakuwa wajinga waliochoma misitu ovyo: kulima miaka michache kisha kuiachia ardhi irudie kuwa msitu ndiko kulikokuwa kunaihifadhi. Wakachukua kanuni hiyo na kuipanga kwa kamba na ramani. Mashamba yalipangwa katika mistari mipana, kila mstari wa shamba ukikaa kati ya mistari ya msitu uliopumzika, ili msitu uweze kurudi upesi kutoka pembeni. Majaribio ya kwanza yalifanyika kwa Waturumbu, majirani wa Yangambi. Katika miaka ya 1950 mpango huo, ulioitwa kwa Kifaransa paysannat, ulipanuliwa hadi kuzigusa kaya zaidi ya laki 1.

Katika uwanja wa elimu ya udongo, ilikuwa fikra njema. Lakini mkulima hakuchagua mstari wake, wala zao, wala tarehe ya kupanda. Mlinzi wa ramani alikuwa agronomu, na nyuma ya agronomu alisimama polisi. Uhuru ulipofika mwaka 1960 na wataalamu wengi wa Kibelgiji walipoondoka, mistari ile ilisambaratika kwa kasi ya kushangaza. Wazee wengine walisema watu walirudi nyuma. Sisi tunaona kwamba walirudi nyumbani: waliacha kitu ambacho, hata kama kilitokana na hekima ya babu zao, kilikuwa kimerudishwa kwao kama adhabu. Hasara ilikuwa kubwa hata hivyo. Pamoja na amri mbaya, utafiti nao ulidhoofika, na vituo vingi vilibaki na majengo yenye nyasi.

Mwaka 1973 Zaire ilipata misiba miwili. Wa kwanza unajulikana na kila mtu: tarehe 30 Novemba Rais Mobutu alitangaza kwamba mashamba makubwa na biashara za wageni zitakabidhiwa kwa wananchi, nazo nyingi zikaishia mikononi mwa watu wasiojua kitu juu ya kilimo. Msiba wa pili ulikuja bila hotuba. Katika mashamba ya mihogo karibu na Kinshasa, na ng'ambo ya mto karibu na Brazzaville, alionekana mdudu mdogo mweupe, mwenye mwili uliofunikwa na kitu kama unga.

Tumwite basi mdudu wa unga. Hakuna aliyewahi kumwona Afrika. Alikuwa amevuka bahari, kwa dalili zote, ndani ya vijiti vya muhogo vilivyoletwa kutoka Amerika, njia ile ile iliyoleta muhogo wenyewe karne 4 zilizopita. Huku hakuwa na adui. Tena mdudu huyo hahitaji dume. Wote ni majike, na kila mmoja hutaga mayai kwa mamia. Hukaa kwenye ncha changa ya mmea na kuifyonza. Majani hujikunja na kusongamana kama ngumi, shina hupinda, na mizizi hubaki myembamba. Mahali paliposhambuliwa vibaya, mkulima aliweza kupoteza hadi asilimia 80 ya mavuno. Na kwa kuwa majani yenyewe ni mboga, familia ilipoteza bugali na sombe kwa mpigo mmoja. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 mdudu huyo alikuwa ameenea kutoka Senegali hadi Malawi, na watu wapatao milioni 200 wenye kuutegemea muhogo walikuwa mbele yake.

Dawa za kunyunyizia hazikuwa jibu. Mama mwenye shamba la robo hekta atanunua dawa kwa fedha gani? Na atainyunyizia vipi juu ya majani anayokusudia kuyapika jioni? Wataalamu waliokusanyika katika taasisi ya kimataifa ya IITA, huko Ibadan nchini Nijeria, waliwaza hivi: kama mdudu huyu haonekani kuwa balaa kwao Amerika, ni lazima huko yuko mwenye kumdhibiti. Mswisi kijana, Hans Rudolf Herren, aliongoza kazi hiyo. Utafutaji ulichukua miaka. Walitafuta Amerika ya Kati na kaskazini mwa Amerika ya Kusini, wakapata mdudu aliyefanana naye mno, wakafurahi. Kisha nyigu waliokusanywa kutoka kwa mdudu huyo hawakumjali kabisa yule wa Afrika. Alikuwa wa aina nyingine. Hatimaye, mwaka 1981, mtaalamu Anthony Bellotti alimkuta mdudu halisi nchini Paraguay, mbali sana upande wa kusini. Pamoja naye waliishi maadui zake, na mmoja wao alikuwa nyigu asiyezidi milimita 2.

Nyigu huyo hamwumi mtu. Jike lake humtafuta mdudu wa unga, humchoma na kumwachia yai mwilini. Buu huanguliwa, hula mdudu kutoka ndani, na baada ya siku chache hutoka nyigu mwingine katika ganda lililokauka. Walipelekwa kwanza Uingereza kuchunguzwa, ili ithibitike kwamba hawatageuka kuwa balaa jipya, kisha wakafikishwa Ibadan. Waliachiwa mara ya kwanza mwishoni mwa mwaka ule ule wa 1981. Katika miaka iliyofuata waliachiwa katika nchi moja baada ya nyingine, hapa kwetu pia, wengine wakirushwa kutoka kwenye ndege. Wakazaliana, wakasafiri wenyewe, wakavuka mipaka bila pasipoti. Mwisho wa miaka ya 1980 walikuwa wamekita katika nchi zaidi ya 20, na mdudu wa unga, bila kutoweka, alikuwa amerudi kuwa mdudu tu. Mwaka 1988 mwanauchumi mmoja alikadiria kwamba kila dola 1 iliyotumika ilirudisha faida ya dola 149. Herren alipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 1995.

Tunakaa kidogo juu ya habari hii kwa sababu haifanani na yale yaliyoitangulia. Hakuna mkulima aliyeshurutishwa. Hakuna aliyeuziwa kitu, wala aliyewekwa kwenye orodha. Kwa sehemu kubwa wakulima hawakujua hata kwamba wamesaidiwa. Waliona tu kwamba mwaka ule majani yamenyooka. Wale wanaofundishwa siku hizi kwamba kilimo cha kisasa maana yake ni kununua chupa dukani kila msimu watafakari jambo hilo.

Lakini kisa cha nyigu kina sehemu ya pili, ambayo husimuliwa kwa nadra kwa kuwa haina shangwe. Katika mashamba machache nyigu walishindwa. Watafiti waliporudi kuchunguza, walikuta kwamba mengi kati ya mashamba hayo yalikuwa juu ya udongo wa mchanga uliochoka, kama ulivyo katika sehemu kadhaa za magharibi mwa nchi yetu. Sababu yake ni ya ajabu. Nyigu jike akikuta mdudu mkubwa, humtilia yai la kike. Akikuta mdudu mdogo, humtilia yai la kiume. Muhogo wenye njaa huwa na wadudu wadogo. Wadudu wadogo huzaa nyigu madume. Na dume halitagi. Hivyo jeshi lililoshinda kila mahali lilikosa askari pale ambapo ardhi ilikuwa imepokonywa nguvu zake. Dawa yake ilikuwa kutandaza majani makavu na kuurudishia udongo rutuba. Mmea ukipata nguvu, nyigu nao huzidi.

Mwaka 2015, katika waraka wake Laudato si', Baba Mtakatifu Fransisko alikumbusha kwamba katika kitabu cha Mwanzo mtu aliwekwa bustanini kwa kazi mbili zisizotengana, kulima na kutunza. Tulipousoma waraka huo pamoja, wengine wetu waliona kwamba ni maneno mazuri ya mahubiri. Mashamba yale ya mchanga yanatuonyesha kwamba ni maneno ya agronomia vilevile.

Mengine tuyapitie haraka. Tangu mwaka 1974 mpango wa taifa wa muhogo, wenye makao M'vuazi katika Kongo ya Chini, ulichagua aina zenye kustahimili magonjwa. Ugonjwa wa batobato mkali, unaobebwa na inzi weupe, ulianza kuivunja mihogo ya Uganda mwishoni mwa miaka ya 1980, ukaingia kwetu miaka ya vita, na vijiti vya aina mpya vilibebwa tena kutoka shamba hadi shamba. Ni desturi ile ile ya kumpa jirani, ingawa sasa yafaa kuchunguza kwanza kama kijiti ni kizima.

Jambo la mwisho ndilo linaloturudisha kwenye zile siku 3. Mwaka 1938 daktari mmoja wa koloni, Trolli, alieleza ugonjwa aliouona Kwango, ambao wenyeji waliuita konzo, yaani miguu iliyofungwa. Mtu huamka asubuhi, au hutoka safarini, na miguu yake imekakamaa ghafula. Haiponi tena. Hushika hasa watoto na wanawake wa umri wa kuzaa. Sasa tunajua kwamba hutokana na kula kwa wiki nyingi muhogo mchungu ambao sumu yake haikutolewa vizuri, huku mwili ukikosa maharagwe, samaki au nyama ya kuusaidia kuishinda sumu hiyo.

Katika miaka ya 1970 barabara ya lami iliiunganisha Kikwit na Kinshasa. Kila mpenda maendeleo alishangilia, na ilikuwa haki kushangilia. Mji mkubwa ulitaka unga, malori yalifika, na muhogo wa Bandundu ukageuka kuwa fedha. Mashamba yaliongezeka. Akina mama waliokuwa wakiloweka kwa siku 3 walianza kuloweka kwa siku 1, kwa sababu lori halingoji, na kwa sababu maharagwe na karanga navyo viliuzwa ili kulipa karo na dawa. Watafiti waliokwenda vijijini miaka ya 1980 walikuta konzo ikiwa imeongezeka mahali ambapo biashara hiyo ilikuwa imechanua. Mtu akitazama takwimu za magunia yaliyoingia Kinshasa, ataona ukuaji. Akiingia kijijini, ataona watoto wenye kutembea kwa fimbo mbili.

Msidhani kwamba hayo ni ya magharibi tu. Katika miaka ya 2000, baada ya vita kuwapokonya watu mifugo na kuwaharakisha katika kila kazi, konzo ilionekana Burhinyi, Kivu Kusini, mahali ambapo haikujulikana awali. Wale wanaovuna usiku kwa hofu ya kuporwa hawana dimbwi la kulinda kwa siku 3. Kwa hiyo tunaposema katika sala zetu kwamba tunaombea amani na chakula, maneno hayo mawili ni moja kwa namna ambayo huenda hatukuifikiria: bila amani hata maji hayana muda wa kufanya kazi yake.

Mwaka 2010, katika kijiji cha Kay Kalenge, eneo la afya la Popokabaka huko Kwango, kijiji ambacho watu zaidi ya 30 walikuwa wamekwisha kulemazwa na konzo, wataalamu wa lishe wa Kongo pamoja na wenzao wa Australia waliwafundisha akina mama jambo dogo. Chukua unga wa muhogo, utie maji hadi ulowe, uutandaze juu ya ungo au mkeka kwa unene usiozidi sentimita 1. Uuache juani saa 2, au kivulini saa 5, hewa ya sumu itoke. Kisha upike bugali siku ile ile. Hakuna mashine, hakuna dawa ya kununua. Katika miezi iliyofuata, muda wote walipofuatiliwa, hakuna mtu mpya aliyepatwa na konzo kijijini hapo. Tena akina mama hawakungoja mradi uwafikie wenzao. Waliwaonyesha jamaa zao wa vijiji vya jirani namna ya kuutandaza unga, na watafiti waliporudi walikuta nyungo zenye unga uliolowa zimeanikwa mbele ya nyumba ambazo wao wenyewe hawakuwahi kuzifikia.